Herufi Kubwa, Herufi Ndogo: Historia ya Majina Yanayopotea Data Inapohama

Mwaka 1992 toleo jipya la kiwango cha kimataifa cha lugha ya SQL lilitoka likiwa na kanuni fupi sana kuhusu majina. Jina la jedwali au la safu likiandikwa bila alama za nukuu, lihesabiwe kuwa limeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Ukiandika wanafunzi, hifadhidata ielewe WANAFUNZI. Ukiandika Wanafunzi, ielewe vilevile. Zaidi ya miaka 30 imepita, na PostgreSQL, mojawapo ya hifadhidata zinazotumika sana duniani, bado inafanya kinyume chake: majina hayo yote inayageuza kuwa herufi ndogo, na mwongozo wake rasmi unakiri kwamba hilo haliendani na kiwango. MySQL haifuati huyu wala yule, kwa sababu kwake jibu linategemea kompyuta iliyosakinishiwa. SQL Server inategemea kanuni za upangaji wa herufi alizochagua msimamizi siku ya kwanza.

Aliyewahi kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine anayajua matokeo yake. Data imefika yote, idadi ya rekodi inalingana kule na huku, nakala rudufu ipo salama. Kisha programu inawashwa, inaulizia jedwali ambalo kila mtu analiona kwa macho, na inajibiwa kwamba jedwali hilo halipo. Wengi huona huo ni uzembe wa wahandisi walioshindwa kukubaliana jambo dogo. Naamini wanakosea. Kila upande katika ugomvi huu ulikuwa mwaminifu kwa mashine iliyoulea, na kuuelewa lazima turudi nyuma, kabla SQL haijawa na jina.

Herufi ndogo zilichelewa sana kuingia katika mitambo. Émile Baudot, fundi wa telegrafu wa Ufaransa, alipobuni msimbo wake miaka ya 1870, kila herufi ilipewa biti tano. Biti tano zinatoa michanganyiko 32 tu. Ukishapanga herufi 26 za alfabeti, nafasi zilizobaki hazitoshi hata tarakimu, ndiyo maana ikabidi iwepo ishara maalumu ya kuhamia kundi la pili la alama. Mahali pa kuweka seti mbili za herufi hapakuwepo, na teleprinta zilizofuata zikaurithi uamuzi huo.

Kadi za matundu nazo zikapita njia hiyohiyo. Herman Hollerith alizitumia kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na mwaka 1928 IBM ikaleta kadi yenye safu 80 iliyokuja kutawala ofisi za serikali, benki na reli kwa karibu nusu karne. Mashine ya kutobolea kadi iitwayo IBM 026, iliyoingia sokoni mwaka 1949, ilikuwa na vibonye kama taipureta na iliweza kuchapa juu ya kadi maneno yanayotobolewa. Ila ilichapa kwa herufi kubwa peke yake. Ndani ya kompyuta za miaka ya 1950 kila herufi ilihifadhiwa kwa biti sita, yaani michanganyiko 64: herufi kubwa, tarakimu na alama chache, basi. FORTRAN, iliyotolewa na kundi la John Backus mwaka 1957, iliandikwa kwa herufi kubwa. COBOL, iliyofuata muda mfupi baadaye, hali kadhalika. Hapakuwa na herufi nyingine za kuandikia.

Mlango ulifunguka miaka ya 1960. IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360 mwezi Aprili 1964, ilihamia kwenye msimbo wa biti nane, EBCDIC, na humo herufi ndogo zikapata makao. Upande wa pili, msimbo wa ASCII ulitoka mwaka 1963 bila herufi ndogo. Zikaongezwa katika toleo la 1967. Waliozipanga walifanya kazi ya ustadi. A kubwa ilikuwa namba 65, a ndogo ikawekwa namba 97, na tofauti hiyo ya 32 ilishikiliwa hadi Z. Namba 32 ni biti moja tu. Kwa hiyo kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, au kulinganisha maneno mawili bila kujali ukubwa wa herufi, kukawa ni kugusa biti moja. Kazi ikiwa rahisi kiasi hicho kwa mashine, haishangazi kwamba kila mtengenezaji wa programu aliona anaweza kuifanya apendavyo.

Lakini nafasi kwenye msimbo ni kitu kimoja, na kibodi iliyo mezani ni kitu kingine. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963 na kuenea vyuoni na maabarani kwa sababu ya bei yake nafuu, ilichapa herufi kubwa tu. Hata Apple II ya mwaka 1977 ilitoka kiwandani bila herufi ndogo. Kizazi kizima cha wataalamu kilijifunza kompyuta mbele ya mashine zisizojua kuandika herufi ndogo.

Katika mazingira hayo ndipo hifadhidata za kimahusiano zilipozaliwa. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti IBM huko San Jose, California, alichapisha mwezi Juni 1970 makala iliyobadilisha fani nzima: data zikae katika majedwali, na mtumiaji aseme anachotaka bila kuhangaika jinsi mashine itakavyokitafuta. Wenzake wawili hapo IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakabuni lugha ya kuulizia majedwali hayo na kuitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Boyce alifariki mwaka huohuo, akiwa bado kijana. Jina la lugha likafupishwa baadaye kuwa SQL, kwa kuwa SEQUEL ilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Mradi wa majaribio ulioitumia uliitwa System R, na ulikuwa mtoto halisi wa IBM: majina ya vitu yalitunzwa kwa herufi kubwa, kama kila kitu kilichokuwa kikiandikwa katika nyumba ile tangu enzi za kadi.

Codd alikuwa na wazo jingine lililokuja kuwa na uzito mkubwa katika kisa hiki. Alishikilia kwamba maelezo ya hifadhidata yenyewe, yaani katalogi, orodha ya majedwali na safu zake, yahifadhiwe pia ndani ya majedwali, na yaulizwe kwa lugha ileile. Mwaka 1985 alipotoa kanuni zake maarufu za kupimia hifadhidata, hilo lilikuwamo. Ni wazo zuri sana. Ila tazama linachofanya: jina la jedwali sasa ni neno lililohifadhiwa ndani ya safu, kama jina la mteja au la mji. Kutafuta jedwali kumekuwa kulinganisha maneno. Na maneno mawili ndani ya safu, EMP na emp, hayalingani.

Wakati IBM ikiendelea na System R, upande wa kaskazini, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, maprofesa Michael Stonebraker na Eugene Wong waliisoma makala ya Codd na mwaka 1973 wakaanzisha mradi wao, Ingres. Tofauti kubwa ilikuwa mashine. Ingres ilijengwa juu ya kompyuta ya PDP-11 iliyoendesha Unix, mfumo uliotoka mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs. Unix ilipenda herufi ndogo tangu mwanzo. Amri zake zilikuwa fupi na ndogo: ls, cp, mv. Majina ya mafaili yalitofautisha herufi kubwa na ndogo bila huruma, kiasi kwamba Barua na barua yalikuwa mafaili mawili.

Kuna jambo moja la Unix linaloonyesha hali ya zama zile kuliko maelezo marefu. Ukiandika jina lako la kuingilia kwa herufi kubwa tupu, mfumo ulichukulia kwamba kifaa chako hakina herufi ndogo. Tangu hapo ulibadilisha kila unachoandika kuwa herufi ndogo, na herufi kubwa halisi ukaionyesha kwa kuitanguliza mkwaju wa nyuma. Mfumo wa herufi ndogo ulimkaribisha mtu mwenye mashine ya herufi kubwa na kumtafsiria pasipo kumlaumu. Natamani hifadhidata zingejifunza adabu hiyo.

Ingres ikageuza majina kuwa herufi ndogo. Mrithi wake, Postgres, aliyeanzishwa na Stonebraker mwaka 1986, akabeba desturi ya Berkeley: katalogi yake yote, kuanzia jedwali la pg_class, iliandikwa kwa herufi ndogo. Miaka ya 1994 na 1995 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliing'oa lugha ya awali ya Postgres na kupachika SQL mahali pake. Mwaka 1996 mfumo ukapewa jina la PostgreSQL. SQL ilikuwa mgeni katika nyumba hiyo. Desturi za wenyeji zilikuwa zimeshakaa.

Njia ya tatu ilianza mwaka 1977, pale Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates walipofungua kampuni ndogo iliyokuja kuitwa Oracle. Walisoma makala za IBM zilizokuwa wazi kwa kila msomaji, wakaamua kutengeneza hifadhidata inayolingana na ile ambayo IBM ilikuwa bado haijaiuza. Oracle ilitoka mwaka 1979 ikiitwa toleo la 2, ingawa toleo la 1 halikuwahi kuuzwa. IBM yenyewe ilileta SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983. Oracle haikuzaliwa kwenye kompyuta kubwa za IBM, ilianzia kwenye PDP-11 kama Ingres. Lakini macho yake yalikuwa kwa IBM, na majina yakawa ya herufi kubwa. Kwa hiyo mashine moja ilizaa desturi mbili: mmoja aliufuata mfumo endeshi wake, mwingine akamfuata mshindani wake.

Kiwango cha kwanza cha SQL kilipitishwa Marekani mwaka 1986, na kikawa cha kimataifa mwaka 1987. Soko lilikuwa limeshaamua. Lakini kiwango cha 1992 kiliongeza kitu kipya ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichogeuza tofauti ya desturi kuwa mtego. Kiliruhusu jina liwekwe ndani ya alama za nukuu mbili, na likiwa humo lisiguswe hata kidogo: lichukuliwe jinsi lilivyo, na herufi zake kubwa na ndogo, na nafasi kati ya maneno, na hata maneno ambayo SQL imeyahodhi. Nia ilikuwa njema. Watu walitaka safu ziitwe "Tarehe ya Kuzaliwa", na kulikuwa na lugha nyingi ambazo majina yake hayakuingia katika kanuni za kale. Matokeo yake ni kwamba jina moja lilipata namna mbili za kuwepo, moja inayobadilishwa na moja isiyoguswa, na zinakutana tu pale jina lililonukuliwa linapokuwa tayari katika umbo ambalo hifadhidata hiyo ingeligeuzia.

Tutazame mtego huo kwa karibu. Bruce Scott, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Oracle, aliacha jina lake kwenye akaunti ya mfano iliyosafiri na hifadhidata hiyo kwa miongo kadhaa. Nywila yake ilikuwa tiger, jina la paka. Ndani ya akaunti hiyo mna jedwali liitwalo EMP lenye wafanyakazi 14, pamoja na DEPT lenye idara nne. Maelfu kwa maelfu ya watu wamejifunza SQL kwa majedwali hayo. Mwanafunzi huandika select * from emp, naye Oracle huligeuza jina kuwa EMP, hulitafuta katika katalogi, hulipata. Akiandika Emp au eMP, mambo ni yaleyale. Anaamini, na ana haki ya kuamini, kwamba SQL haijali ukubwa wa herufi.

Siku moja anaamua kuhamia PostgreSQL. Anaiomba Oracle imwandikie amri za kuunda majedwali yake. Oracle, kwa uangalifu, inayaandika majina jinsi yalivyo katika katalogi, na inayatia ndani ya nukuu ili pasitokee kosa lolote: CREATE TABLE "SCOTT"."EMP", na safu "EMPNO", "ENAME", "SAL". Aina za data anazirekebisha, amri inapita bila lawama. PostgreSQL inatii nukuu, inaunda jedwali lenye jina la herufi kubwa. Rekodi 14 zinaingia. Kisha programu ya zamani inakuja na sentensi yake ileile, select * from emp. PostgreSQL inaacha emp ikiwa emp, inatafuta katika katalogi, inakuta EMP, inajibu kwamba hakuna kitu chenye jina hilo. Hata akiandika EMP kwa herufi kubwa, bila nukuu, itageuzwa kuwa emp na jibu litakuwa lilelile. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa kweli, kwa sababu jina walilolichapa ni sawasawa na wanaloliona kwenye skrini.

Hakuna aliyekosea katika kisa hicho. Oracle ilitaja jina sahihi, PostgreSQL ikalipokea sahihi, programu ikauliza sahihi. Kilichoharibu ni nukuu zilizowekwa kimyakimya na chombo cha katikati. Huo ndio msimamo wangu juu ya jambo hili zima: madhara makubwa hayakutoka kwa waliochagua herufi kubwa wala kwa waliochagua ndogo, yalitoka kwa zana zinazonukuu majina bila kumwambia mtu.

MySQL ilifikia tatizo hilo kwa mlango mwingine kabisa. Ilitoka Sweden mwaka 1995, kazi ya Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson, nayo ilitaka iwe nyepesi na ya haraka. Hifadhidata ilikuwa folda kwenye diski, na jedwali lilikuwa mafaili ndani ya folda hiyo. Kutafuta jedwali ikawa ni kuuomba mfumo endeshi ufungue faili lenye jina hilo. Ni ubunifu rahisi na ulifanya kazi vizuri, lakini uliikabidhi SQL kwa tabia za mafaili. Kwenye Linux, iliyorithi ukali wa Unix, Wateja na wateja ni majedwali mawili. Kwenye Windows, yenye asili ya MS-DOS ambayo majina yake ya mafaili yalikuwa herufi kubwa, ni jedwali moja. Majina ya safu hayakuwa mafaili, kwa hiyo hayakujali ukubwa wa herufi kokote kule. Sentensi moja ya SQL ikawa na sheria mbili ndani yake.

Hali hii iliwaumiza hasa watu wa kawaida wa fani: mtengenezaji wa programu mwenye kompyuta mpakato ya Windows na seva ya Linux aliyoikodi. Kwake kila kitu kinafanya kazi. Akipandisha kwenye seva, nusu ya kurasa zinakufa. Mfano ulio wazi kwa umma ni Quartz, programu ya Java ya kupanga kazi za muda maalumu. Majedwali yake huanza na QRTZ_ kwa herufi kubwa. Nakala rudufu ikichukuliwa kwenye MySQL ya Windows, majina hutoka yakiwa ya herufi ndogo, maana huko ndivyo yanavyotunzwa. Ikirejeshwa kwenye Linux, Quartz inaulizia QRTZ_LOCKS na kukuta qrtz_locks, na programu nzima inagoma kuwaka. Watengenezaji wa MySQL waliweka mpangilio uitwao lower_case_table_names wenye thamani tatu: 0 kwa Unix, 1 kwa Windows, 2 kwa kompyuta za Apple ambazo huhifadhi herufi jinsi ulivyoziandika lakini hazizitofautishi wakati wa kutafuta. Mpangilio huo ulisaidia. Pia ulikuwa ungamo kwamba jibu moja halipo.

SQL Server ilichukua mkondo tofauti tena. Kampuni ya Sybase, iliyoanzishwa mwaka 1984, ilikuwa na Bob Epstein miongoni mwa waasisi wake, mtu aliyetoka kwenye mradi wa Ingres. Microsoft iliungana nao, na SQL Server ya kwanza ikatoka mwaka 1989 kwa ajili ya mfumo endeshi wa OS/2. Katikati ya miaka ya 1990 kila mmoja akashika njia yake. Katika familia hii majina hayageuzwi hata kidogo. Hutunzwa kama yalivyoandikwa, na kulinganishwa kwa kanuni zilezile zinazotumika kulinganisha data za kawaida. Ukichagua kanuni isiyojali ukubwa wa herufi, majina nayo hayajali. Ukichagua ya kibinari, kila herufi inahesabiwa. Sybase kwa kawaida ilisakinishwa na kanuni ya kibinari, Microsoft na ile isiyojali, na ndugu hawa wawili wakaanza kutoelewana sentensi zilezile. Mifumo mikubwa ya biashara kama SAP hutaka SQL Server iwekwe kwa kanuni ya kibinari, na ripoti iliyoandikwa kwa uhuru kwenye seva ya kawaida, leo Mauzo kesho mauzo, haipiti huko.

Mpango huo wa SQL Server una mantiki kuliko yote, kwa sababu unakubali wazi kwamba majina ni data. Lakini ulifukua jambo ambalo wenye alfabeti ya Kiingereza hawakuwa wamelifikiria. Kituruki kina i mbili. Ile yenye nukta, i, herufi yake kubwa ni İ, yenye nukta pia. Ile isiyo na nukta, ı, herufi yake kubwa ni I. Kwa hiyo kwa Mturuki I na i ni herufi mbili tofauti, si kubwa na ndogo ya herufi moja. Seva ikisakinishwa kwa kanuni za Kituruki, safu iitwayo ID haipatikani ukiiita id, hata kama umeambiwa kanuni hiyo haijali ukubwa wa herufi. Java nayo ina kisa hichohicho: mwongozo wake rasmi unaonya kwamba neno TITLE likigeuzwa kuwa herufi ndogo kwenye kompyuta ya Kituruki litatoka tıtle. Mpango wa kutumia biti moja, ule wa 1967, ulikuwa sahihi kwa A hadi Z za Kiingereza. Kijerumani nacho hugeuza ß moja kuwa S mbili, na jina likarefuka njiani.

Watu wa PostgreSQL waliliona hilo na wakachagua njia ya tahadhari. Herufi za A hadi Z zigeuzwe kwa kanuni ya ASCII peke yake, bila kuuliza lugha ya mashine, ili i ya Kituruki isivuruge katalogi. Ni uamuzi usiovutia, lakini naukubali. Vilevile nimekuja kukubali ukaidi wao katika lile kubwa zaidi. Mara nyingi, kwa miaka mingi, wameombwa waweke chaguo la kufuata kiwango na kugeuza majina kuwa herufi kubwa. Hawajakubali. Katalogi yao yote ni ya herufi ndogo, na programu zisizohesabika duniani zinaitegemea. Chaguo la namna hiyo lingeigawa PostgreSQL kuwa hifadhidata mbili zenye jina moja, na kila mwandishi wa programu angelazimika kujaribu kazi yake kwenye zote mbili. Ukisimama upande wa anayehamia leo unawaona wagumu. Ukisimama upande wa wote waliokwisha kuhamia unawaelewa.

Dunia iliyobaki ikajifunza kuuliza kabla ya kudhani. Java ilipopata mnamo 1997 njia yake ya kuzungumza na hifadhidata, JDBC, waliobuni waliweka ndani yake maswali ya kuiuliza hifadhidata ngeni: storesUpperCaseIdentifiers, storesLowerCaseIdentifiers, storesMixedCaseIdentifiers. Unahifadhi majina kwa herufi kubwa? Ndogo? Mchanganyiko? Na mengine ya jinsi hiyohiyo kwa majina yaliyonukuliwa. Kila mara ninapoiona orodha ile naisoma kama kumbukumbu ya kihistoria: kadi za matundu, Unix na folda za Windows, kila kimoja kina swali lake.

Mwaka 2001 Gilles Darold alianza kutoa Ora2Pg, chombo huru cha kuhamisha data kutoka Oracle kwenda PostgreSQL. Uamuzi wake ulikuwa wa busara: majina yote yashushwe kuwa herufi ndogo, isipokuwa mtumiaji akiomba waziwazi yaachwe, kwa mpangilio uitwao PRESERVE_CASE. Dimitri Fontaine alifanya vivyo hivyo katika pgloader, ambacho huhamisha kutoka MySQL, SQLite na SQL Server. Huduma ya Amazon ya kuhamisha hifadhidata haikufanya hivyo. Huyapeleka majina ya Oracle jinsi yalivyo mpaka uiandikie sheria ya kuyashusha. Ni tofauti ya mstari mmoja wa mpangilio, na wiki nzima za kazi zimepotelea hapo. Amazon yenyewe ilitangaza mwaka 2019 kwamba imemaliza kuachana na hifadhidata karibu 7,500 za Oracle zilizobeba petabaiti 75, hivyo ukubwa wa uhamaji wa zama hizi si wa kubezwa.

Wengine walilikwepa tatizo tangu jina la kwanza. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kuwekwa kazini Eldoret mwaka 2006 katika mpango ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, umejengwa juu ya MySQL. Majedwali yake ni person_name, patient_identifier, encounter, obs: herufi ndogo tupu, na mstari chini kati ya maneno. Majina ya namna hiyo hayapotei kati ya Windows na Linux, yanaingia PostgreSQL bila kunukuliwa, na Oracle itayapandisha yote kwa pamoja bila kuacha hata moja. Mfumo uliokusudiwa kusafiri kutoka zahanati hadi zahanati, kwenye kompyuta za kila aina, ulihitaji majina yanayostahimili safari. Rails, zana ya kujengea tovuti iliyotoka mwaka 2004, ilieneza desturi hiyohiyo kwa watengenezaji wa tovuti: darasa liitwalo LineItem, jedwali line_items.

Waliotoka kwenye Access ya Microsoft, iliyozinduliwa mwaka 1992, hawakuwa na bahati hiyo. Access ilimruhusu karani yeyote aite safu yake Jina la Mwanafunzi, na nafasi kati ya maneno, na herufi kubwa apendapo. Kwa karani ilikuwa neema. Safu hizo zikihamishiwa PostgreSQL hulazimika kunukuliwa milele, kila swali, kila ripoti.

Hifadhidata mpya hazikuumaliza ugomvi. Snowflake, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya huduma za wingu tu, bila kadi wala teleprinta katika ukoo wake, ilichagua kufuata kiwango na kugeuza majina kuwa herufi kubwa. Redshift ya Amazon, iliyotokana na PostgreSQL 8, inayashusha. Mashirika yanayohama kati ya hizi mbili yanapitia yaleyale ya EMP na emp, na Snowflake ikalazimika kuweka mpangilio wa kuzifanya hata nukuu zisijali ukubwa wa herufi.

Na MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, ilifunga mlango uliokuwa wazi kwa miaka. Katalogi yake iliondoka kwenye mafaili na kuingia ndani ya majedwali, kama Codd alivyotaka. Kwa sababu hiyo thamani ya lower_case_table_names huamuliwa mara moja tu, pale hifadhidata inapoanzishwa. Ukijaribu kuibadilisha baadaye, seva inakataa kuwaka na kueleza kwamba mpangilio wako haulingani na ule wa katalogi. Kwenye Linux baadhi ya vifurushi vya usakinishaji huianzisha hifadhidata papo hapo programu inaposakinishwa, kabla msimamizi hajagusa faili lolote la mipangilio, na thamani inakuwa 0. Anayehama kutoka Windows anaweza kugundua hilo akiwa amekwisha kuingiza data zote. Hapo hana budi kuzitoa tena, kuifuta hifadhidata, kuandika thamani 1 kwenye faili la mipangilio, kuianzisha upya, na kuziingiza upya zote.